Fundi Rémy Sikuli na Gari la Njano

Mapadri, jamaa, majirani wa mtaa wa Mapendo, na nyinyi mafundi wa mtaa wa Birere mliofunga kazi leo: familia inawashukuru kwa kufika, hasa mliotoka upande wa Sake, maana hali ya barabara ile wiki hii kila mtu anaijua. Tumekuja kumsindikiza fundi Rémy Sikuli. Wengi mlimjua kama yule mzee wa gari la njano. Wengine mlimcheka, tena si kwa siri, na yeye alijua. Leo mtasikia gari lile lilikuwa la nini.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 karibu na misioni ya Kyondo, upande wa Butembo, mtoto wa tatu wa mkulima wa ngano na viazi na mkewe Kahambu. Mama Kahambu alizoea kusimulia kwamba mtoto huyu hakumwachia sufuria yoyote iliyobonyea. Akiona mbonyeo alichukua jiwe la mviringo, akaketi chini, akaugonga kutoka ndani mpaka utoke. Sufuria mbili za kwanza alizitoboa akachapwa. Ya tatu ilitoka laini, na tangu hapo wanawake wa jirani wakawa wanamletea zao. Mdogo wake Éphraïm, aliye nasi hapa, anasema kelele zile bado anazisikia masikioni.

Shule ya msingi aliianza palepale misioni mwaka 1958. Waasi walipofika mwaka 1964 shule ilifungwa, familia ikakimbilia msituni, na baba yake hakurudi kutoka huko. Rémy alirudi darasani akiwa mrefu kuliko wenzake wote na mzito wa kusema. Mwaka 1966 aliingia shule ya ufundi Butembo, akatoka Juni 1970 na cheti cha kunyoosha bodi za magari. Walimu wake walimlalamikia kwa jambo moja tu, kwamba hakujua kuacha. Kazi ikiisha, yeye aliona bado.

Januari 1971 aliteremka Goma juu ya lori la vitunguu, akaajiriwa na Mgiriki mmoja, mlimaji wa kahawa, aliyekuwa na gereji yake kando ya ziwa. Huko ndiko alikoliona gari: Porsche ya mwaka 1967, gari dogo la spoti, la njano, lenye taa za mviringo, bampa nyembamba zinazong'aa, na kifuniko cha mbele kirefu kinachoteremka taratibu mpaka chini. Mgiriki hakumruhusu mtu mwingine aliguse. Machi 1974, serikali ilipokwisha kuchukua mashamba na maduka ya wageni, alimkabidhi Rémy ufunguo, akamwambia alitunze, atarudi. Rémy alimngoja kwa imani kabisa. Hakuliendesha ila kuzunguka ua, ili magurudumu yasigande. Alipofungua gereji yake mwenyewe Birere mwaka 1976, watu walimwambia wazi kwamba patron wake, yule Mgiriki, harudi tena, naye akakubali shingo upande kwamba gari limekuwa lake.

Tarehe 28 Julai 1979 alifunga ndoa na Mama Perpétue, binti wa wafugaji wa Masisi. Alikwenda kumchukua kwa gari la njano. Wajomba wa bibi harusi walifungua kifuniko cha mbele ili waweke mikeka na vibuyu vya maziwa, wakakuta mle ndani hamna kitu. Mjomba mkubwa alikunja uso. "Mutoto wetu hawezi kupanda gari haina moteur," alisema, akaketi chini. Ilibidi Rémy, na suti yake nyeupe, afungue nyuma, awaonyeshe injini iko wapi, na aiwashe. Mjomba alisimama, lakini mpaka anakufa hakuacha kusema kwamba gari linaloficha moyo wake mkiani si la kuaminiwa. Picha ya siku hiyo, gari linang'aa na Perpétue amecheka mpaka macho yamefumba, ilitundikwa sebuleni kwao Mapendo. Mungu aliwajalia watoto watatu: Benny, aliyezaliwa mwaka 1981, Héritière, tarehe 3 Mei 1990, na Sylvie, Februari 1995.

Gari nalo lilizeeka pamoja na ndoa. Mwaka 1989 ng'ombe alilivamia njiani karibu na Sake, akaubonyeza mlango wa kulia. Rémy alimlaumu ng'ombe, wakwe zake walimlaumu Rémy, na hoja hiyo haijaamuliwa mpaka leo. Mlango aliunyoosha upesi, lakini rangi ya njano ilikosekana Goma nzima, akaupaka buluu, ileile wanayopaka milango ya maduka Birere. Fundi mzima, anayesifiwa mji wote, anatembea na kiraka. Aliona aibu mno. Nyumbani akaanza kuliegesha upande wa njano ukitazama barabara, upande wa buluu ukitazama ndani ya ua, wapita njia wasiuone. Alisema ataupaka upya rangi ikipatikana, kisha mambo mengine yakaingilia.

Mambo yenyewe mnayajua. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda waliujaza mji, na kipindupindu kikaja pamoja nao. Rémy aliwafungulia gereji familia zilizokosa pa kulala, na lile gari la harusi likawa la kubebea wagonjwa. Mama Perpétue alilisugua viti kwa klorini mpaka mikono ikachubuka. Héritière wakati huo alikuwa na miaka minne. Kila jioni alikuwa akiketi kwenye kiti cha nyuma, mlango wazi, akila huko na kusinzia huko, na ukimtoa alilia. Rémy alijifanya kukasirika, lakini ndiye aliyemwekea mto.

Tarehe 1 Novemba 1996, Sikukuu ya Watakatifu Wote, vita iliingia Goma. Rémy aliwapakia mkewe na watoto, akafuata umati ulioelekea magharibi. Mugunga, pale barabara inapobanana kati ya mawe meusi na ziwa, wanajeshi walisimamisha gari na kulitaka. Rémy alitoa ufunguo bila ubishi. Mama Perpétue alikuwa amembeba Sylvie mgongoni, Benny ameshika nguo yake, na Héritière amemshika mkono. Risasi zikalia, umati ukavunjika, na mkono ule ukachopoka. Walipoinua vichwa mtoto hayupo. Muuza mkaa mmoja aliyekuwa amelala chini kando ya njia aliwaambia alichokiona: gari lilipoondoka, msichana mdogo alilikimbilia nyuma, analiita, mpaka vumbi likamfunika. Wengine walisema mwanamke wa kitenge cha kijani alimwokota mbele kidogo. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua lolote.

Rémy alimtafuta. Alifika Masisi, Walikale, hata Kisangani. Aliingia vituo vya yatima na kambi, akitaja jina na kuonyesha kwa kiganja kimo cha mtoto. Miaka ilikwenda na kiganja kile hakukipandisha, mpaka siku moja Benny alimwambia kwa upole kwamba dada yake sasa atakuwa amemfikia begani. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka, moto wake ukaifunika gereji ya Birere na vyombo vyote. Mama Perpétue alikimbia na picha ya harusi chini ya kanga.

Sasa tuje kwenye kile kilichowachekesha watu. Mwaka 2004, katika banda la nyumba moja mtaa wa Himbi, Rémy alikuta Porsche nyingine, iliyoachwa na rubani. Ilikuwa ya mwaka 1977, ndugu mdogo wa lile lililochukuliwa. Mgongo ni uleule, lakini uso ulikuwa mwingine: kifuniko cha mbele kifupi, bampa nene zenye mpira wa mikunjo kama kinanda cha mkono, taa kubwa za nyuma. Mwenye nyumba alimpa, naye Rémy akamlipa kwa kazi. Siku lilipovutwa mpaka uani Mapendo, Rémy aliwaita mkewe na watoto akawaambia nia yake. Mtoto wao alikuwa amelikimbilia gari. Hakuwakimbilia wao, maana katika fujo ile hakuwaona. Popote alipo, sura zao atakuwa amezisahau, na wao wenyewe wamezeeka, lakini gari atalikumbuka. Kwa hiyo yeye Rémy atalichukua hili na kulirudisha nyuma miaka kumi, liwe lile, na kuliweka pale mtoto alipopotelea.

 Mama Perpétue moyoni mwake alikuwa amekwisha kumzika mtoto. Kila tarehe 1 Novemba aliwasha mshumaa wa marehemu kanisani, na kila tarehe 1 Novemba Rémy alibaki nje, akakataa katakata kuingia. Juu ya jambo hilo tu waliishi kama watu wa nyumba mbili.

Kazi ilimchukua miaka mitano. Vipuri havikuwapo Goma, wala hata Kampala. Alipasua mapipa ya mafuta, akayanyoosha, akayafinyanga juu ya mfuko wa mchanga kwa nyundo ya mti, akiitazama picha ya harusi iliyopigiliwa ukutani. Kifuniko cha mbele alikitengeneza mara nne. Cha kwanza, Benny anasema, kilikuwa na tumbo. Bampa nyembamba alizikata kutoka tangi la maziwa lililoachwa kwenye kiwanda cha jibini kilichoporwa Masisi, akazisugua mpaka ukajiona meno. Mwaka 2008 vita iliporudi mlangoni mwa mji alilifukia chini ya magunia ya makaa, yeye akakimbia na nyundo zake tu. Rangi ya njano ilikuja kutoka Dubai kwa mkono wa mfanyabiashara wa Butembo. Juni 2009 alimaliza.

Lilitoka zuri ajabu. Afisa mmoja wa kulinda amani, mtu wa Ulaya mwenye mapenzi na magari ya zamani, alilizunguka akitikisa kichwa, akasema limekuwa kama siku lilipotoka kiwandani, na akaomba auziwe. Rémy alikataa, lakini sifa ile aliipokea na kuirudia mezani kwa wiki nzima. Mama Perpétue alipoliona aliketi kwenye kizingiti akalia, akasema, "Hii njo gari ya harusi yetu." Kila mtu alifurahi. Yeye aliiona harusi yake, Rémy aliuona ufundi wake, na hakuna aliyelitazama kwa macho ya mtoto wa miaka sita.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya misa, Rémy aliliendesha polepole hadi Mugunga, akaliegesha kando ya barabara, akaketi kwenye kigoda mbele yake. Alivaa suti. Watu wakakimbia vita mwaka 2012 wakapita mbele yake. Wakakimbia volkano mwaka 2021 wakapita mbele yake. Wapo waliodhani ni tajiri anayejionyesha, na wapo waliodhani amerukwa na akili. Kila mwanamke kijana aliyepunguza mwendo na kulitazama gari, Rémy alisimama. Kisha yule aliendelea na safari yake, naye akaketi tena.

Mwaka 2022 vita iliporudi Rutshuru, kambi zilijaa upya, na jirani na mahali pake akaja kuuza viazi vitamu mwanamke mmoja kutoka kambi ya Bulengo, jina lake Nyiransengimana. Walisalimiana Jumapili nyingi bila kujuana. Ilikuwa Novemba mwaka jana, Mama Perpétue alipomfuatia Rémy chakula, ndipo yule mwanamke alipomtambua mama. Alikuwa mtoto wa jirani Mapendo, umri mmoja na Héritière, na familia yao ilikimbia mwaka uleule. Walikumbatiana, wakalia. Alipokwisha kujifuta machozi aliuliza, "Papa Rémy, ile gari yenu ya zamani ilienda wapi?"

"Njo hii," Rémy alimjibu. "Nilitengeneza ingine, sawasawa na ile."

Nyiransengimana alilitazama, akatikisa kichwa. "Hapana, papa. Yenu ilikuwa bluu. Sisi batoto tulikuwa tunacheza kando yake kila siku mu parcelle, ndani ya ua. Ilikuwa bluu."

 Rémy aliweka mkono juu ya mlango wa kulia, ule mlango ambao kwenye gari la kwanza, kwa aibu yake, aliugeuzia ndani ya ua, mbele ya watoto. Njano waliiona wapita njia. Binti yake aliketi, akala na kusinzia pembeni ya buluu. Picha ya harusi ilikuwa imemwonyesha gari ambalo Héritière hakupata kulijua. Walirudi nyumbani, na walipofika uani alimwambia mkewe maneno ambayo Mama Perpétue ameomba yasomwe hapa: "Labda alipita, mama Benny. Labda alipita, akaona gari ya mutu mwingine."

Tangu siku ile hakuwa mzima tena. Mapafu yake yalikuwa yameharibiwa na vumbi la rangi kwa miaka mingi, na madaktari walikuwa wamekwisha kumkataza kazi. Januari hii alinunua kopo la buluu Birere, rangi ileile ya milango ya maduka, akaanza kuukwangua mlango kwa mkono wake. Benny alimsihi amwachie. Alikataa, akasema kosa ni lake. Alifika nusu, akaanguka. Alilazwa tarehe 29 Januari, katika wodi iliyojaa majeruhi wa vita kutoka Sake mpaka wengine wanalala chini kati ya vitanda. Hakulalamikia maumivu. Alilalamikia Jumapili zinazompita.

Siku mbili kabla ya kufa alimwita Benny, akamwambia mbele ya mama yake, "Siku mutasoma maisha yangu, Héritière musimuweke na benye walitangulia. Mumuweke na benye banabakia." Alifariki Ijumaa tarehe 9 Februari 2024, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Jumamosi familia iliketi kuandika wasifu huu, na si siri, tulikwama hapo. Éphraïm, aliyempenda kaka yake kuliko mtu yeyote, alisema kwa uchungu kwamba huyu mtoto amewangojesha watu vya kutosha. Aandikwe pamoja na marehemu, asomewe misa na baba yake, nyumba itulie. Hakusema kwa ubaya, na wengi waliinamisha vichwa wakikubali. Wote walimtazama Mama Perpétue, maana mshumaa ulikuwa wake. Mama aliinuka, akatoka uani. Walipomfuata walimkuta ameketi kwenye kigoda cha mumewe, kopo la buluu miguuni, anaupaka mlango. Hakuwa amewahi kushika brashi maisha yake yote. Rangi ilimchirizikia mpaka kiwikoni, na kazi yenyewe, Rémy asingeipitisha. Alipaka mpaka mwisho. Kisha akasema, bila kugeuka, "Muandike vile alisema. Mushumaa, sitawasha tena."

Basi imeandikwa alivyosema. Marehemu ametanguliwa na wazazi wake wote wawili. Ameacha mjane, Mama Perpétue, mdogo wake, Éphraïm, mjukuu, Victoire, mkwe, Charline, mke wa Benny, na watoto watatu: Benny, Héritière na Sylvie.

Gari liko nje ya kanisa, mnaweza kuliona mkitoka. Msiliguse, rangi bado ni mbichi. Tukishazika, Benny atalipeleka Mugunga na kuliegesha mahali pake, mlango wa kulia ukitazama barabara, na atafanya hivyo kila Jumapili. Nyinyi mnaorudi kambini, mkimkuta mwanamke wa miaka thelathini na mitatu asiyejua kwao, anayekumbuka gari la buluu, mwambieni lipo.

Mungu ampe Rémy Sikuli pumziko alilojinyima. Zamu ya kungoja tumeipokea sisi.